Jasi: Kuganda Si Kukauka

Wazee wa pwani walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Methali hiyo ilikusudiwa malezi ya watoto, lakini fundi wa kupiga lipu aweza kuichukua kama ilivyo, kwa kuwa hakuna kitu katika kazi yake kimtakacho kuwahi kama jasi. Akikawia dakika chache, kilichokuwa uji mikononi mwake huwa jiwe ndani ya karai. Walakini ikisha kuwa jiwe, jasi hiyo hiyo humtaka mwenye nyumba afanya kinyume: asubiri siku nyingi wala asiiguse. Hasara nyingi za jasi hutoka hapo, kwa watu waliokawia palipotakiwa haraka, na waliofanya haraka palipotakiwa subira.

Jasi ni jiwe laini, jeupe au la kijivujivu, na mara nyingine huonekana kama vipande vya kioo vinavyobanduka kwa tabaka. Katika nchi ya Kenya hupatikana Kajiado upande wa Isinya, katika nchi kavu za Garissa na Tana River, na El Wak katika kaskazini ya mashariki. Katika Tanzania huchimbwa Makanya, katika wilaya ya Same, na penginepo. Jina lake ni la asili ya Kiarabu, na katika Oman na nchi za Ghuba watu wametumia lipu ya jasi tangu zamani, kwa kuwa huko mvua ni haba. Katika Misri, waashi walitumia jasi iliyochomwa kuunganishia mawe ya piramidi kubwa ya Giza, yapata miaka 4,500 iliyopita. Basi si dawa mpya iliyozuka jana.

Mtu aliyeokota jiwe jeupe na asiyejua kama ni jasi ama ni jiwe la chokaa aweza kulijaribu kwa njia mbili. Kwanza, alikwaruze kwa ukucha. Jasi hukubali ukucha, lakini jiwe la chokaa hukataa. Pili, asage kidogo na kuudondoshea unga huo maji ya ndimu au siki. Unga wa jiwe la chokaa hutoa povu, na wa jasi hutulia kimya.

Siri ya jasi ni maji. Ijapokuwa ni jiwe kavu mkononi, katika kila kilo 100 za jasi safi mna kilo 21 hivi za maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe hilo likisagwa na kutiwa moto wa kadiri, yapata digrii 150 za sentigredi, robo tatu za maji hayo hutoka kama mvuke, na kinachobaki ni unga mweupe uuzwao katika mifuko kwa jina la plasta. Unga huu una kiu. Ukitiwa maji huyanywa ili urudie hali yake ya kwanza, na katika kurudi huko huota chembe nyembamba kama sindano, ndogo zisizoonekana kwa macho, zinazosokotana kama nyuzi za kikapu. Msokotano huo ndio ugumu wa lipu. Wakati huo uji hupata joto, na fundi akiweka mkono ukutani hulisikia. Moto ukizidi sana katika tanuri, maji yote hutoka na unga hulegea kiu yake, ukawa haugandi upesi tena. Ndiyo sababu kuchoma jasi kwataka kipimo, si kuni nyingi tu.

Chokaa haifanyi hivyo. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, na kazi hiyo yaweza kuchukua majuma na miezi. Mafundi wa Lamu waliochonga vidaka katika lipu ya chokaa walikuwa na nafasi ya kukaa na kazi yao. Mwenye jasi hana nafasi hiyo, maana plasta isiyotiwa kitu cha kuichelewesha huganda kwa dakika kumi au ishirini, na pengine hata chini ya hapo.

Kwa hiyo zipo kanuni ambazo fundi mwema hazivunji. Karai na mwiko viwe safi kabisa, kwa kuwa makombo ya jasi iliyokwisha ganda huifanya ile mpya igande kabla ya wakati. Chumvi hufanya vivyo hivyo, basi maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Unga hunyunyizwa katika maji, wala maji hayamwagwi juu ya unga, kisha huachwa kidogo unywe ndipo ukorogwe. Fundi achanganye kiasi atakachoweza kukimaliza. Tena, na kanuni hii ndiyo kubwa, uji ukianza kuganda asiuongeze maji ili kuulainisha. Sindano zile zikisha vunjwa hazisokotani tena, na lipu ya namna hiyo huwa unga ukutani. Vilevile mfuko uliokaa gudulia au ghala lenye unyevu umekwisha kunywa maji ya hewa, nao hauna nguvu. Bei yake ikiwa rahisi, urahisi huo ni wa kununua hasara.

Yote hayo ni habari ya kuganda. Habari ya kukauka ni nyingine, na kisa hiki kitaieleza.

Palikuwa na mzee mmoja, karani aliyestaafu, ambaye alijenga nyumba ya vyumba vitatu kwa akiba yake yote. Arusi ya binti yake ilikuwa imebaki majuma mawili. Fundi alimaliza lipu ya jasi katika chumba cha wageni siku ya Jumatatu, na Jumanne asubuhi mzee akaja na mikebe miwili ya rangi ya mafuta. Akaugonga ukuta kwa kidole.

"Fundi, ukuta unalia kama jiwe. Tupake."

"Mzee wangu, umeganda, lakini haujakauka."

"Kuganda na kukauka kuna tofauti gani?"

"Tofauti yake ni madebe matano ya maji, mzee, nayo yamo humo ukutani."

Mzee alidhani ni mzaha wa vijana. Lakini yeye alikuwa mtu wa hesabu, na fundi akamwekea hesabu. Chumba kile kilichukua mifuko kumi ya kilo 25, yaani kilo 250. Kila kilo 100 za unga zilitiwa lita 60 za maji ili uji uweze kupakwa, basi jumla ya maji ilikuwa lita 150. Katika hayo, jasi yenyewe haiwezi kunywa zaidi ya lita 18 na nusu kwa kila kilo 100 za unga, yaani lita 46 hivi kwa chumba kizima. Zilizobaki ni lita zaidi ya 100, na hizo hazina kazi yo yote ukutani. Zilitiwa ili mwiko upite, na sasa lazima zitoke, wala hazina njia ya kutokea illa kwa hewa.

Mzee akaketi juu ya mfuko mtupu akaipitia hesabu hiyo mara mbili, akaiona ni sawa. Walakini wageni walikuwa wakija. Akasema, "Basi usiku huu tutafunga madirisha na kuwasha majiko matatu ya makaa humu ndani. Mpwa wangu atalala humu kuyaangalia."

Hapo fundi akaweka mwiko chini. "Mzee, nisamehe, lakini hilo sitalikubali. Rangi ikiharibika utanunua nyingine. Mpwa wako hanunuliki."

Fundi alisema kweli, na kila mjenzi yafaa aijue sababu. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini bila ya kumwamsha. Hata pasipo mtu ndani, jiko halikaushi lipu vizuri. Chumba kilichofungwa hujaa mvuke, na hewa iliyoshiba mvuke haiwezi kupokea mwingine. Zaidi ya hayo, ukuta ukipata joto kali, la zaidi ya digrii 50 hivi kwa muda mrefu, jasi huanza tena kutoa maji yake yaliyofungwa, na uso wa lipu huwa unga. Dawa ya kukausha ni upepo: milango na madirisha yawe wazi mchana, na usiku wenye ukungu yafungwe.

Rangi ya mafuta juu ya lipu mbichi hufunga maji ndani. Maji hayo hutafuta njia, yakavimbisha rangi kama malengelenge, au yakaleta koga nyeusi pembeni. Lipu iliyo mbichi ni dhaifu pia. Ikikauka kabisa, nguvu yake huwa yapata mara mbili ya ile iliyokuwa nayo ilipoganda tu, basi anayepigilia misumari na kutundika vitu mapema hujivunjia kazi mwenyewe.

Mzee akauliza, "Sasa nitajuaje kuwa umekauka, ikiwa sauti yake hainiambii?" Fundi akachukua kisinia cha bati, akakipima, kisha akakijaza uji wa kipimo kile kile: gramu 500 za unga na gramu 300 za maji, unene sawasawa na ukuta, uso mmoja tu ukiwa wazi. Kikawekwa katika kile chumba. Mzani wa duka la jirani ungetosha. Hesabu ilikuwa rahisi: jasi ingebaki na maji yake iliyoyanywa, na pande lile la gramu 800 lingekuwa kavu likifika gramu 590 hivi, nalo halingeshuka tena. Mzee akanunua daftari, akapiga mistari, na kila jioni akaandika tarehe na uzito kama alivyofanya kwa miaka mingi ofisini.

Siku ya arusi daftari lilionyesha ya kuwa pande lingali likishuka. Wageni wakaketi katika chumba chenye kuta nyeupe zisizo na rangi, wakala, wakaimba, wala hakuna aliyeuliza. Mikebe ya rangi ilikuwa chini ya kitanda. Majuma machache baadaye uzito ulisimama, ukabaki pale pale jioni nne mfululizo, ndipo mzee akamwita fundi.

Wakati huo huo fundi alikuwa amemkataza mambo mengine matatu. La kwanza, jasi isipakwe nje inakonyesha mvua, wala bafuni, wala katika ukuta unaopandisha unyevu kutoka chini. Jasi huyeyuka kidogo katika maji, yapata gramu mbili na zaidi kwa kila lita, basi mvua ya miaka huilamba ikaisha. La pili, isichanganywe na saruji kwa kudhani kuwa nguvu mbili zitakuwa moja. Mahali penye unyevu, jasi nyingi ikikutana na saruji huzaa kitu kipya kinachovimba na kupasua ukuta. Ni kweli kwamba viwanda vya saruji husaga jasi kidogo pamoja na saruji, kwa kawaida sehemu tatu mpaka tano katika mia, ili saruji isigande ghafula, lakini kiasi hicho kimepimwa na wenye elimu yake. La tatu, misumari ya chuma kitupu isiachwe ndani ya lipu ya jasi mbichi, kwa kuwa hushika kutu na kutoa madoa. Itumiwe iliyopakwa zinki.

Pamoja na makatazo hayo, jasi ina sifa yake ya pekee ndani ya nyumba. Moto ukitokea, maji yaliyofungwa katika jiwe hutoka kwa mvuke, na maadam yanatoka, ukuta au dari iliyo nyuma yake haipati joto kali upesi. Dakika hizo chache zaweza kuwatosha watoto kutoka nje.

Mzee yule alikuwa na shamba pia, bondeni, karibu na mfereji. Sehemu yake moja ilikuwa imekufa. Maji yakinyweshwa yalisimama juu siku mbili, udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, na mahindi yalitoka manjano na mafupi. Alikuwa amesikia sokoni ya kwamba unga mweupe wa jasi huponya shamba lo lote, naye akataka kununua mifuko. Lakini tangu habari ya kisinia alikuwa amejifunza kuuliza kwanza.

Jasi huponya udongo wa namna moja hasa: ule wa mfinyanzi ulioshikwa na sodiamu, yaani asili ya magadi. Sodiamu huzifanya chembe za mfinyanzi zitengane zikatawanyika katika maji, zikaziba vitundu vyote ambavyo maji na hewa hupitia. Kalisi iliyomo katika jasi huingia mahali pa sodiamu, chembe hushikana tena kuwa madonge, na vitundu hufunguka. Sodiamu iliyofukuzwa huyeyuka, nayo lazima ioshwe kwa maji mengi mazuri mpaka chini ya mizizi. Pasipokuwa na mifereji ya kutoa maji hayo, chumvi hupanda tena juu kwa jua, na fedha ya jasi imepotea bure.

Mzee akafanya jaribio. Alichukua chupa mbili za maji ya mvua. Katika moja akatia kijiko cha makombo ya jasi iliyogandia katika karai la fundi, baada ya kuyasaga, kwa kuwa makombo safi yasiyo na rangi ni jasi vilevile. Akatikisa. Kisha katika kila chupa akatia donge la udongo wa sehemu ile iliyokufa, akatikisa tena, akaziacha mpaka kesho. Asubuhi chupa isiyo na jasi ilikuwa ingali nzito kama chai ya maziwa. Ile yenye jasi ilikuwa maji safi juu, na udongo umetulia chini. Hiyo ni dalili njema kwamba udongo una ugonjwa huo, lakini si hukumu, kwa sababu udongo wenye chumvi nyingi nyingine waweza kuonyesha maji safi kwa muda na kuficha ugonjwa wake. Hukumu ni ya maabara, kama ile ya Kabete, ambako udongo hupimwa na mkulima huambiwa kiasi kinachohitajiwa. Katika udongo wa magadi kiasi hicho mara nyingi huhesabiwa kwa tani, si kwa mifuko, na gharama ya lori yaweza kuipita bei ya jasi yenyewe. Kwa shamba hutumika jasi mbichi iliyosagwa vizuri. Haina haja ya kuchomwa.

Yafaa ijulikane pia mahali ambapo jasi si dawa. Udongo mkali wenye asidi wataka chokaa, na jasi haiondoi asidi hiyo, ijapokuwa yaweza kuipelekea mizizi ya chini kalisi na kupunguza madhara ya alumini. Udongo mgumu kwa sababu ya kukanyagwa na ng'ombe na kulimwa ukiwa na maji wataka samadi na mapumziko. Lakini mlimaji wa karanga ana sababu yake mwenyewe ya kuikumbuka jasi. Ganda la karanga hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka katika udongo ulio karibu nalo, wala halingojei mizizi iilete. Ikikosekana, mkulima huvuna maganda matupu. Katika udongo wa mchanga uliopungukiwa na kalisi, kilo 200 mpaka 500 kwa hekta, zikitiwa juu ya mistari wakati wa kutoa maua, zaweza kujaza maganda hayo. Zikitiwa baada ya hapo, wakati umepita.

Mzee hakununua tani hata moja mwaka ule. Alipeleka udongo wake kupimwa, akachimba mfereji wa kutolea maji, kisha akatia jasi katika robo ya ekari tu, akaiacha robo nyingine kando yake bila kitu ili apate kulinganisha. Katika daftari lile lile, nyuma ya kurasa za kisinia, alipiga mistari mipya: tarehe ya kunywesha, saa ambazo maji yalisimama katika kila robo, na nafasi iliyo wazi kwa ajili ya uzito wa mavuno.

Fundi alipopita kudai shilingi zake za mwisho za kazi ya rangi, mzee alimwonyesha ukurasa huo. Katika robo moja maji yalisimama siku mbili kama zamani. Katika ile nyingine yalikuwa yamezama kabla ya jua kuchwa.

"Basi jasi imefanya kazi, mzee," akasema fundi.

"Imeanza," akajibu mzee. "Wewe ndiwe uliyenifundisha. Sitasema neno mpaka mzani usimame."